Wewe wa "Haijawahi Kuguswa", Unauza Gari ama Unauza Shida?

Wasee, leo hamtanipenda. Kama una Subaru STI ya kuuza, tangazo lako linasema "haijawahi kuguswa", na ekzosi yako ikiwa Roysambu inasikika Githurai, haya maneno ni yako. Kaa chini usome.

Tumechoka. Kila STI inayouzwa hii Nairobi ilikuwa ya daktari. Kama si daktari, ni mama fulani wa Karen aliyekuwa anaenda nayo kanisani Jumapili peke yake. Sawa. Sasa huyo mama aliweka turbo kubwa ya nini? Alikuwa anachelewa ibada?

Mimi sina shida na kuchezea injini. Gari ni yako, pesa ni yako, fanya venye unataka. Shida yangu inaanza siku unaiuza. Ukiuza gari iliyochezewa, ni lazima useme kila kitu kilichofanywa, kabla mtu atoe hata shilingi. Si eti "hakuniuliza". Ukificha, usijiite mjanja. Wewe ni mwizi mwenye logbuku.

Na msiniambie ni mambo madogo. Angalieni venye soko liko. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka nane. STI za hatchback za kuanzia 2007 ziliacha kutengenezwa 2014, kwa hivyo bandari ya Mombasa ilishazisahau kitambo. Na Subaru walifunga kazi ya STI yenye injini ya EJ20 huko Japani mwisho wa 2019. Maana yake ni hii: zile ziko hapa ndizo hizo hizo, zinazunguka mkono kwa mkono. Mwenye gari wa kwanza akidanganya, wa pili anarithi uongo, wa tatu anauongezea, wa nne ndiye anazimikiwa Mai Mahiu saa tano usiku.

Halafu kuna stori ya mafuta, ambayo wauzaji hawapendi kuigusa. Huko kwao STI ilitengenezewa petroli ya daraja la juu, wanaiita haioku, na mara nyingi inafika okteni 100. Petroli yetu ya kawaida ni 93. Ukiweka hiyo kwa injini ya turbo na uikanyage, mafuta yanaweza kuwaka vibaya ndani ya silinda, injini inaanza kugonga. Kompyuta ya kiwandani imeachiwa nafasi kidogo ya kujilinda: inasikia mgongo, inarudisha nguvu nyuma. Sasa fundi wako akija akaongeza presha ya turbo na kuandika programu upya ndiyo upate nguvu ya kuringa, ile nafasi ameshaikula. Pistoni inapasuka pale katikati ya ringi. Na haipasuki siku ya kwanza. Inakuja polepole, na mara nyingi inakuja ikiwa imeshabadilisha jina kwa logbuku.

Ndiyo maana nasema kuficha ni wizi. Huwezi kuona programu ya injini kwa macho. Rangi utaona, rimu utaona, lakini kilichoandikwa ndani ya kompyuta anakijua muuzaji na fundi wake tu.

Na mbinu zao tunazijua. Unafika kuona gari saa mbili asubuhi, unakuta injini tayari ni moto. "Nilikuwa nimetoka dukani, bro." Dukani wapi? Ameipasha moto ili usisikie inavyolia ikiwaka baridi. Mwingine anamwaga oili nzito inyamazishe kelele. Mwingine anafuta shida zote kwa mashine usiku ili taa ya injini izime, na inarudi kuwaka ukishamaliza wiki nayo. Mwingine aliua injini ya kwanza, akaweka ingine, na namba ya injini kwa logbuku bado ni ya ile marehemu. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, juu mnunuzi ndiye atajieleza NTSA na kwa polisi, si wewe.

Bima nayo? Mkataba wa bima unasimama kwa ukweli. Kijana amechukua mkopo wa sacco, amelipia bima kamili akidhani gari iko venye ilitoka kiwandani. Siku ya ajali, kampuni ikikuta gari ilichezewa na haikuambiwa, inaweza kukataa kulipa. Gari imeenda, bima imeenda, na sacco bado inakata mshahara.

Najua jibu lenu: "Nikisema ukweli hakuna mtu atanunua." Uongo. Anayetaka gari ya kwenda kazini hataki STI yako iliyochezewa, hata ukimwapia. Anayeitaka ni mpenzi wa hizi gari, na huyo anataka kujua nani alitunisha, lini, presha ngapi, na karatasi ya daino inasema nini. Ukiwa na hizo karatasi, risiti za oili, na vifaa vya kiwandani bado viko kwa boksi, huyo hatakusumbua bei sana. Ukweli ndio unauza hiyo gari.

Lakini pia muache ile hesabu ya "nimeweka laki nane ndani". Hiyo laki nane ulijiburudisha nayo. Ulienda ukala raha Limuru na Kiambu, sasa unataka mwingine alipe bili?

Na wewe mnunuzi, usiende kama kondoo. Enda asubuhi, shika boneti iwe baridi. Beba makanika wako, si wa muuzaji, apime kompresheni ya silinda zote nne. Linganisha namba ya injini na ya chesi na zile za logbuku. Uliza programu iliyo ndani ni ya nani. Akianza kukasirika kwa hayo maswali, funga mlango uondoke, hata kama roho inauma. Na mkikubaliana, uhamisho ufanyike eCitizen, si "tutamalizana wiki ijayo".

Mimi niliacha kampasi, sina digrii ya uinjinia. Lakini kusema "hii injini ilifunguliwa" hakuhitaji digrii. Kama umekasirika ukisoma hii, pengine una STI iko sokoni saa hii. Enda urekebishe tangazo.