DARASA LA NYUMBANI: Punje ya Ngano na Nyumba 64



Mwezi huu twawaletea hesabu ya namba moja iliyo kubwa mno. Vijana na washike kalamu, na wazazi wakae karibu nao.

Yasimuliwa tangu zamani kwamba mwenye hekima mmoja alimfurahisha mfalme wa Bara Hindi kwa mchezo wa sataranji. Alipoulizwa ijara yake, alitaka punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, na kuzidi maradufu vivyo hivyo hata nyumba ya 64. Mfalme alicheka, akaona ameombwa kitu duni. Kumbe jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615!

Sisi wa Basotu twaijua ngano. Ikiwa punje 1,000 zina uzito wa gramu 40, basi hizo ni tani zipatazo bilioni 738. Dunia nzima huvuna kiasi cha tani milioni 800 kwa mwaka. Mavuno ya miaka 900 hayatoshi kumlipa mtu yule.

Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, aliyefariki yapata mwaka 1048, aliipata namba hii bila kujumlisha nyumba moja moja. Aliona kwamba jumla ya nyumba zilizotangulia hupungua moja tu kuliko nyumba inayofuata: 1 na 2 ni 3, nayo nyumba ya tatu ni 4. Basi zidisha 2 kwa 2 upate 4, 4 kwa 4, 16, kisha 256, 65,536, 4,294,967,296. Hiyo nayo izidishe kwa nafsi yake, uondoe moja. Mara sita tu, kazi imekwisha!

Na ajabu nyingine: zidisha pamoja 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417, utairudia namba ile ile, haikupungua wala haikuzidi.

Huenda mtu akauliza, yatufaa nini haya? Msimu mmoja wa njaa alitujia mzee mmoja pamoja na mwanawe, ametaka tumshuhudie mkataba. Apewe gunia moja la ngano, na kila msimu upitao bila kulipa, deni liwe maradufu. "Ni gunia moja tu, Maalim," alisema. Nasi, twakiri kwa haya, tulikwisha kushika kalamu. Mtoto wake, aliyekuwa amesoma hesabu hii kwetu, akaandika kimya kimya ubaoni, kisha akasema, "Baba, misimu kumi ni magunia 1,024."

Mzee aliuchana waraka ule. Jirani yake alimkopesha, gunia kwa gunia, na baada ya mavuno akamrudishia.

Riba tulikuwa tukiikataza kwa maneno kila siku. Siku ile mtoto alituonyesha sura yake kwa chaki. Wazazi, wafundisheni watoto hesabu kama mnavyowafundisha kusoma.

Wabillahi tawfiq.