Kodi ya Mfanyakazi ni Amana

Karani wa shamba la mkonge Korogwe na mwalimu wa shule ya binafsi Handeni hukatwa kodi kabla hawajaushika mshahara. Fedha hiyo si mali ya mwajiri, ni amana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtaka aiwasilishe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Siku hizi ritani hupelekwa Mamlaka ya Mapato kwa mtandao, hivyo kisingizio cha umbali kimekwisha. Lakini mtandao hupokea kilichoandikwa tu. Haumgeuzi mdanganyifu kuwa mwaminifu. Kwa hiyo kila mfanyakazi hana budi kudai hati ya makato, ambayo ni haki yake kisheria. Jasho lililokatwa lijenge Taifa, lisinenepeshe mfuko wa mtu.