MAWE YA KWETU HAYAMO SANDUKUNI

Mwaka huu sikushika kalamu kwa ajili ya shairi wala hadithi. Nina jambo linalonikera, nami nimeona heri niliseme hapa mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu kuliko kulinung'unikia bwenini. Jambo lenyewe ni mawe. Tafadhali usicheke, nisome kwanza.

Kila anayesoma Jiografia analijua lile sanduku la mbao lenye mawe sita, kila jiwe limepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba. Tulipokuwa Kidato cha Kwanza tuliambiwa tuyatambue kwa sifa zake: rangi, uzito, ugumu, chembe na matabaka. Maneno mazuri. Lakini sisi tulifanyaje? Waliotutangulia walitunong'oneza kwamba namba 2 ni graniti, namba 5 iliyomeguka pembe ni marumaru, na namba 6 yenye doa la wino ni basalti. Siku ya jaribio nikatafuta pembe na doa, nikapata tisa kwa kumi. Darasa zima likafaulu.

Jioni yake tukiwa tumeegemea ukuta wa darasa nikawauliza wenzangu, "Jamani, huu ukuta ni jiwe gani?" Mmoja akasema ni bloki. Mwingine, tena katika wale wa kumi kwa kumi, akasema ni graniti. Mimi mwenyewe nikanyamaza, maana sikujua. Kumbe ukuta ule ni wa matumbawe, na mbele ya pua zetu palikuwa na gamba la chaza limenasa ndani ya jiwe, zima kabisa! Watu waliotambua mawe sita ya sandukuni walishindwa na jiwe wanaloliegemea kila siku.

Ndiyo maana nasema bila kuuma maneno kwamba somo la miamba hatujafundishwa bado. Tulichofundishwa ni namba. Na dawa yake haiko mbali, kwa kuwa Kwale yetu ina aina zote tatu za miamba, yaani miamba ya mashapo, miamba ya moto na miamba geu. Ni kaunti ngapi zinaweza kujisifu hivyo?

Tuanze hapa hapa mlangoni. Ukanda wa pwani yetu, kutoka Likoni, Tiwi, Diani, Msambweni hadi Shimoni, umekaa juu ya jiwe la matumbawe. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa, na hapa tunapochezea mpira palikuwa na matumbawe hai chini ya maji. Bahari ikashuka, yakabaki nchi kavu, yakashikana yakawa jiwe. Dalili zake ni wazi. Rangi yake ni nyeupe inayoelekea kijivu, lina matundu, lina magamba ya chaza na kombe, na ukilitazama vizuri utaona michoro kama maua, ambayo ndiyo nyumba za wale wadudu wa baharini. Ni jepesi kuliko linavyoonekana, na laweza kukatwa kwa msumeno. Likwaruze kwa kisu, kisha ukamulie ndimu ule unga wake: utaona povu dogo likichemka. Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni jiwe hili. Msikiti wa kale wa Kongo hapa Diani ni jiwe hili. Hata chokaa iliyoyashika mawe ya majumba ya zamani ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni.

Mjomba wangu hukata mawe timboni. Likizo iliyopita nilimfuata huko nikiwa na daftari langu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kukata au kuandika?"

Nikamweleza habari ya lile sanduku. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua nyundo akagonga mawe mawili yaliyofanana kama pacha. La kwanza lililia kama kengele. La pili lilitoa sauti bubu. "Hili la pili lina pango ndani," akasema, "litapasukia msumenoni." Akalipasua, na kweli, ndani mlikuwa na uwazi wa kuingia ngumi. Mjomba hakufika sekondari, lakini anatazama, anapapasa, anagonga na kusikiliza kabla hajasema neno. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo Jiografia, na sisi wa sandukuni tulikuwa tukiibia mtihani tu.

Sasa tuondoke pwani. Ukiacha barabara kuu pale Kombani na kupanda kwenda Kwale mjini, ardhi inabadilika rangi. Matumbawe yanaisha, unaingia kwenye mchanga mwekundu ambao haujawa jiwe. Katika mchanga wa namna hiyo, kule Nguluku na Maumba, ndimo yalimochimbwa madini ya titani kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024. Mchanga wenye madini hayo una chembe nyeusi, na uzito wake kiganjani si wa mchanga wa kawaida. Ukizidi kupanda unafika Shimba, na hapo ni jiwe la mchanga. Hili nalo ni la mashapo kama matumbawe, lakini halina chaza. Lina chembe za mchanga unazoziona kwa macho, ukilisugua zinabaki mkononi, na mara nyingi hupasuka kwa matabaka. Mikamulie ndimu zako zote, hutaona povu! Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 200. Yale mawe bapa ya Mazeras yanayotandazwa kwenye nyua za watu wenye uwezo ni ndugu yake.

Miamba ya moto iko bara ya Msambweni, kwenye vilima vya Jombo na Mrima. (Mwenzangu mmoja aliposikia "miamba ya moto" aliuliza kama inaunguza. Hapana, ilipoa zamani.) Jombo ni mwamba ulioganda polepole chini ya ardhi, ndiyo sababu chembe zake ni kubwa, zinang'aa na zimeshikana kama meno ya zipu. Huna haja ya kutafuta matabaka wala magamba ndani yake.

Mrima nao ni kituko. Mwamba wake wa asili ni kabonatiti, mwamba wa moto adimu sana duniani, na udongo uliotokana na kuoza kwake una niobiamu na madini mengine adimu. Habari za utajiri huo zilivuma sana mwaka 2013. Lakini mimi kilichonishangaza ni jambo jingine. Kabonatiti, ijapokuwa imetoka motoni, imejaa kalsaiti, na kipande chake kizima kikitiwa asidi hutoa povu vilevile kama matumbawe! Marumaru nayo, ambayo ni mwamba geu, hutoa povu. Basi mwanafunzi aliyekariri kwamba "jiwe la povu ni la mashapo" atakosea mara mbili. Povu linakwambia jiwe limeumbwa kwa kitu gani, halikwambii lilizaliwaje. Ili ujue lilizaliwaje ni lazima utafute mengine: magamba, chembe, matabaka, na mahali ulipoliokota. Sandukuni hakuna mahali. Jiwe limeng'olewa kwao likapewa namba.

Miamba geu iko mbali kidogo, upande wa magharibi, ukipita nyika ya Kinango kuelekea Kuranze na mpaka wa Taita. Hii ni miamba iliyopikwa na kubanwa chini ya ardhi hata ikageuka. Utaijua kwa mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda, na kwa ulanga unaometameta juani. Angalia usiichanganye mistari hiyo na matabaka ya jiwe la mchanga. Hii ukiisugua haitoi mchanga.

Kuna watakaosema, "Haya, hata tukijua, itatusaidia nini?" Nitawajibu kwa kisima. Kijijini kwetu mtu mmoja alichimba choo cha shimo hatua chache kutoka kisima cha jirani yake. Maji yakaanza kunuka, watoto wakaharisha, na majirani wakakosana hadi leo. Ingekuwa ardhi ya mchanga mzito pengine maji yangechujika kidogo njiani. Lakini pale ni matumbawe, jiwe lenye matundu na nyufa, na uchafu hupita ndani yake kama maji ndani ya mfereji. Ndiyo maana pwani umbali wa choo na kisima si jambo la kukisia. Na ukivuta maji mengi mno kwenye jiwe hilo karibu na bahari, chumvi nayo inaingia. Mwanafunzi aliyelitambua jiwe la nyumbani kwao angeweza kumwambia baba yake, "Baba, hapa tusichimbe." Nani alimwambia? Hakuna, na katika sisi tuliosoma tulikuwemo watatu pale kijijini.

Najua walimu wetu wana jibu la haraka: mtaala ni mrefu na mafuta ya basi ni ghali. Kweli. Lakini matumbawe yako langoni, ndimu iko sokoni, na nyundo anayo fundi wa shule. Hayo hayahitaji basi. Safari ya Shimba na Jombo iwe moja tu kwa mwaka. Ila tusiende kama wavamizi. Ndani ya hifadhi ya Shimba hatuvunji kitu. Mrima ni msitu wa kaya, ni lazima wazee waombwe kwanza. Na Kaya Kinondo, ambako miamba ya matumbawe imeshikwa na mizizi ya miti mikubwa ajabu, mgeni hufungwa kaniki nyeusi na hatoki na kitu, hata kijiwe. Macho yanatosha.

Sisi wa chama nasi tuna deni letu. Mvuvi wa Msambweni ukimwambia "mwamba" anaelewa pale mawimbi yanapovunjikia, mwalimu anaelewa jiwe lolote, na mtu wa bara atasema jabali. Maneno haya tuyakusanye kutoka kwa wavuvi, wakata mawe na wachimba visima, tuyaandike katika toleo lijalo pamoja na sifa za kila jiwe. Mimi nimeshaanza. Kile kipande alichokipasua mjomba nimekiweka dirishani katika chumba cha chama, na anayetaka aje akione. Ndimu aje nayo mwenyewe.