TAARIFA YA TAWI LA MBEBE: JESHI TUNALIITIA NINI?



Humu kwenye grupu wapo wanaoshangilia mapinduzi ya Mali na kuomba "wanajeshi waje na huku". Wengine wanajibu, "Tanzania haliwezi kutokea." Wote tunawapinga.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, leo Lugalo, waliasi wakidai mishahara na maofisa Waingereza waondoke. Madai hayo tu, na Serikali ikashindwa kuwazima mpaka ikawaita Waingereza walewale tuliowashushia bendera 1961!

Mali yenyewe ilipinduliwa Agosti 2020, ikapinduliwa tena Mei 2021. Na sisi watu wa hesabu tunauliza: mwenye bunduki akishika Hazina, ripoti ya CAG itasomwa Bunge lipi?

Ujumbe wa kuita jeshi tutaufuta. Mwenye hoja aje kikao cha tawi Jumapili, saa nane.

Katibu wa Tawi, Mbebe