Msiseme Tamaa, Semeni Kamisheni

Kila mara mfuko wa uwekezaji wa mtandaoni unapofungwa na pesa za watu kutoweka, mabwenini mwetu na hata madarasani methali huwa ni ile ile: tamaa mbele, mauti nyuma. Anayeisema hutikisa kichwa, anayeisikia hucheka kidogo, na mjadala huishia hapo. Aliyeibiwa amekwisha kuhukumiwa. Aliyeiba hajatajwa. Na yule aliyesimama katikati yao, akampeleka wa kwanza kwa wa pili na kulipwa kwa kazi hiyo, anaondoka salama kabisa.

Mimi naipinga hukumu hiyo. Nasema kwamba mifuko hii haiendeshwi na tamaa ya mama zetu na baba zetu. Inaendeshwa na kamisheni, na wapokeaji wa kamisheni hiyo mara nyingi ni sisi, vijana wasomi wenye simu nzuri. Nina haki ya kusema hivyo kwa kuwa mimi ni mmoja wao.

Nyumbani kwetu ni Jinja, na ninasoma Mbale. Nikiwa mwaka wa pili, mwenzangu wa chumba kimoja alinionyesha programu kwenye simu yake. Mfuko ulidai kufanya biashara ya sarafu za kigeni na kulipa asilimia 3 kila siku. Niliweka shilingi 200,000, pesa iliyokuwa ya chakula cha muhula. Kila asubuhi nililiona ongezeko la 6,000. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimekwisha kutoa 90,000 kupitia pesa za simu. Hapo nikaamini, na nilipokwenda nyumbani nikaenda moja kwa moja Masese kwa shangazi yangu.

Shangazi anauza mukene, dagaa wa ziwa letu. Hununua kwa wavuvi alfajiri, huanika, huwauzia wenye malori. Hana simu ya kuingia mtandaoni. Nilipomweleza, aliniuliza maswali matatu. Mwenye mfuko ni nani? Sikujua. Ofisi yake iko wapi? Nikasema ni wa kimataifa, hauhitaji ofisi. Wewe mwenyewe umekwisha kutoa pesa? Nikasema ndiyo, shangazi, nikamwonyesha ujumbe wa 90,000. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama wewe mwanangu umepata, basi." Akanipa 1,500,000, zaidi ya nusu ya mtaji wake. Akaunti yake niliifungua kwenye simu yangu.

Usiku ule ule zikaingia kwangu shilingi 150,000: asilimia 10 ya kumleta mtu mpya. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba ni zawadi ya mfuko kwangu na kwamba haimhusu yeye.

Siku ya 11 salio lake lilisomeka faida ya 495,000, lakini sharti lilisema mtu hawezi kutoa kabla ya siku 15. Siku ya 13 ukaja ujumbe wa matengenezo ya mfumo. Siku ya 16 tukaambiwa kila mmoja alipe 100,000 za kodi ili akaunti yake ifunguliwe, na wako waliolipa. Kisha kundi la WhatsApp likafungwa, wasimamizi wakabadilisha namba, programu ikakataa kufunguka.

Nilimpigia shangazi huku nikilia. Nikamwambia tumeibiwa sote. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: "Na wewe walikulipa ngapi kwa kunileta?"

Sikuwa nimemtajia kamisheni hata siku moja, lakini yeye ni mfanyabiashara. Pale Masese kila shehena ina dalali wake, na kila mtu anajua kwamba dalali hafanyi kazi bure. Tofauti ni kwamba dalali wa samaki hujulikana kuwa ni dalali, na fungu lake hutajwa mbele ya muuzaji na mnunuzi. Mimi nilikwenda kwake nikiwa dalali, nikaketi kama mtoto wa kaka yake.

Nilipokata simu nilifanya hesabu ambayo sikuwa nimeifanya. Niliweka 200,000. Nilitoa 90,000 za faida na 150,000 za kamisheni, jumla 240,000. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikilia sikupata hasara. Nilipata shilingi 40,000 juu ya mtaji wangu. Shangazi alipoteza milioni moja na nusu. Sasa nani kati yetu alikuwa na tamaa?

Tuyatazame tena maswali yake. Mtu mwenye tamaa haulizi maswali matatu. Shangazi alitumia kipimo ambacho wafanyabiashara wadogo wa Busoga na Bugisu wamekitumia miaka yote katika upatu, au nigiina kama tunavyouita huku: tazama aliyekuja kukualika, umjue kwao, uone kama yeye mwenyewe amepokea. Katika nigiina kipimo hicho kinafaa, kwa kuwa wote wanajuana na pesa inazunguka mbele ya macho yao. Mwenye mfuko wa mtandaoni anakijua kipimo hicho vizuri kuliko wachumi wetu. Ndiyo maana mimi nililipwa mapema. Zile 90,000 hazikuwa faida. Zilikuwa gharama ya kunigeuza kuwa ushahidi, ili swali la tatu lipate jibu na maswali mawili ya kwanza yasahauliwe.

Sijafanya utafiti wa kitaaluma, lakini baada ya mkasa huo niliuliza-uliza hapa Mbale. Mwendesha boda wa pale kwenye mnara wa saa aliweka pesa ya rejesho la pikipiki. Aliletwa na abiria wake wa kila siku, mwanafunzi. Mwalimu wa shule ya msingi alikopa kwa dhamana ya mshahara. Aliletwa na mdogo wake wa chuo. Muuza nguo za mitumba aliletwa na mtoto wa mwenye nyumba wake. Hakuna hata mmoja kati ya hao niliozungumza nao aliyesema aliingia kwa sababu ya tangazo. Wote waliingia kwa sababu ya mtu wao.

Wapo watakaosema kwamba asilimia 3 kwa siku ingetosha kumshtua mtu yeyote mwenye akili. Sawa, lakini ilipaswa kumshtua nani kwanza? Mimi nimefundishwa kukokotoa riba. Laki moja ikikua kwa asilimia 3 kila siku na faida ikiachwa humo, baada ya mwaka mmoja inazidi shilingi bilioni 4.8. Hakuna biashara duniani inayofanya hivyo. Kikokotoo kilikuwa ndani ya simu ile ile niliyotumia kumfungulia akaunti.

Na kamisheni ilitoka wapi? Haikutoka katika sarafu za kigeni, kwa sababu usiku ule mfuko haukuwa umefanya biashara yoyote na pesa ya shangazi. Ilimegwa humo humo katika milioni moja na nusu. Zilizobaki zikalipa watu wengine waliotangulia, nao wakapiga picha za skrini wakawaonyesha shangazi zao. Utaratibu huu una mwisho unaohesabika. Kila mtu akileta watu watatu, ngazi ya kwanza ina watu 3, ya pili 9, ya tatu 27. Ngazi ya 16 peke yake inahitaji watu 43,046,721. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wa Uganda wapatao milioni 45.9, pamoja na wachanga walio mgongoni. Kwa hiyo mfuko wa namna hii hauanguki kwa bahati mbaya. Umejengwa ili uanguke, na wanaoangukiwa ni wale walioletwa mwisho.

Wala hili si geni kwetu. Mwaka 2009 nchini Tanzania serikali iliusimamisha mchezo wa DECI, ambao watu waliambiwa wanapanda mbegu na watavuna. OneCoin, iliyojiita sarafu ya kidijitali, iliuzwa hadi Uganda; Benki Kuu ya Uganda ilitoa onyo juu yake mwezi Februari 2017, na Oktoba mwaka huo huo mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, akatoweka. Mwishoni mwa 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi zake ghafla, Masaka na Kampala, na kuwaacha maelfu ya watu mikono mitupu. Majina ni tofauti na bidhaa ni tofauti. Kilicho sawa ni malipo kwa anayeleta mwenzake.

Najua pingamizi la kwanza nitakalopewa, kwa kuwa nililitumia mwenyewe: na mimi nilidanganywa. Ni kweli, ulidanganywa. Lakini tenganisha vitu viwili. Mtaji wako uliibiwa, na kwa huo tutakulilia. Kamisheni yako haikuibiwa. Iliingia mfukoni mwako, ukainunulia viatu kama nilivyofanya mimi. Mtu akipewa mbuzi, kisha akajua kwamba mbuzi huyo ni wa jirani, hasemi kuwa na yeye alidanganywa, halafu akaendelea kula nyama.

Pingamizi la pili ni kwamba serikali ndiyo ya kulaumiwa. Inayo sehemu yake. Matapeli hawa huja mpaka Masese na Namatala, wakazungumza Lusoga, Lugisu na Kiswahili cha sokoni. Onyo la Benki Kuu lilitolewa kwa Kiingereza. Katiba iliifanya lugha hii tunayoisomea kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mwuza dagaa anayetaka kujua kama mfuko fulani una leseni bado hana karatasi ya Kiswahili ya kusomewa. Haya ni madai ya haki na tuyapeleke. Lakini serikali haikuketi kwenye mkeka wa shangazi yangu. Niliketi mimi.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili: basi watu wa kawaida waache kabisa kuwekeza kwa simu. Hapana. Huko ni kuwafungia maskini mlango wa halali kwa sababu walipitishwa mlango wa wizi. Uganda ina sheria ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja tangu 2003, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutoa leseni kwa waendeshaji wake. MTN Uganda ilipouza hisa zake mwaka 2021 kwa shilingi 200 kila moja, mwenye laki moja aliweza kununua hisa 500, tena kwa simu. Hisa hupanda na kushuka, na mifuko halali hutoa faida ndogo kwa mwaka, ambayo mfuko wangu ule uliahidi kwa siku chache tu. Huko nako wako mawakala wanaolipwa. Lakini ada zao zimeandikwa kwenye hati, na faida ya mwanachama wa zamani haitolewi katika amana ya mpya. Udogo huo wa faida na uwazi huo wa ada ndivyo tulivyopaswa kuwafundisha wazazi wetu kuvitafuta.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, nadai mambo matatu. Kwanza, yeyote kati yetu anayemwalika mtu katika uwekezaji wowote aanze kwa kusema atalipwa ngapi kwa kumwalika. Sentensi hiyo moja ingemwokoa shangazi, maana angejua anazungumza na dalali. Pili, mfuko ukianguka, kamisheni irudi kwa mwenyewe, hata kama mtaji hautarudi. Tatu, sisi tunaosoma Kiswahili tuandike kurasa mbili tu za maelezo kwa lugha ya sokoni: namna ya kuuliza kama mfuko una leseni, na kwa nini asilimia 3 kwa siku ni uongo. Walimu wetu watusahihishe, kisha tuzipeleke Soko Kuu la Jinja na vituo vya boda vya Mbale. Itakuwa kazi ya mwisho wa juma moja.

Nami nimeanza. Zile 150,000 nimezirudisha kwa mafungu matatu, na viatu niliviuza. Shangazi alizipokea, akazihesabu mbele yangu, akasema bado 1,350,000. Nilitaka kumwambia kwamba hizo nyingine hazikuja kwangu, ziliibwa na watu nisiowajua. Sikusema. Yeye hakuwapa watu hao pesa zake. Alinipa mimi.