Mdhibiti Aliyenyamaza Naye Alipe

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilipakana ukuta kwa ukuta na nyumba za mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Moshi wake ulitua juu ya mabati, na maji yake ya asidi yakatiririka kwenye vichochoro wanamochezea watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na madini ya risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilibaki kwenye udongo na kwenye damu za watu.

Omido na wakazi walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Angalia mgao wake: kampuni iliyoyeyusha betri ilibebeshwa asilimia 25, ilhali mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibebeshwa asilimia 40. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Je, ni haki msimamizi kubeba mzigo mkubwa kuliko mchafuzi mwenyewe? Naona ni haki, na sababu iko kwenye sumu yenyewe. Mama wa Owino Uhuru hawezi kuinusa risasi katika vumbi lililotua kwenye sufuria yake. Ikishaingia mwilini hujifanya kalsiamu, ikajificha mifupani, na mwanamke akishika mimba humfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwenye wajibu wa kupima, mwenye uwezo wa kutoa leseni au kuinyima, na mwenye nguvu ya kufunga lango la kiwanda ni dola peke yake. Ikikaa kimya, ni vigumu kwa raia wa kawaida kujua kwamba anauawa polepole.

Wanaopinga wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba majaji si wakemia, hivyo wasitunge kanuni, haina mashiko hapa. Mahakama haikuandika viwango. Iliwaamuru wenye jukumu hilo watunge kanuni za viwanda vya risasi na kuzitekeleza. Ya pili inauma zaidi: fidia ya serikali hutoka kwa mlipa kodi, ambaye hakuyeyusha betri hata moja. Ni kweli. Lakini kumwacha mwathiriwa mikono mitupu kwa sababu hiyo ni kumtwisha yeye gharama nzima, naye ni mlipa kodi vilevile. Dawa ni kuwafuata maofisa waliotia saini au waliofumba macho, nao wachangie kutoka mifukoni mwao.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 haimdai mlalamishi athibitishe kwamba ameshaumia. Kwa hiyo mkazi wa mtaa wowote uliopakana na kiwanda anaweza kushtaki leo, kabla damu ya mwanawe haijapimwa. Serikali nayo iwalipe watu wa Owino Uhuru, isafishe udongo wao, na ichapishe kanuni za risasi kwenye gazeti rasmi bila kungoja kesi nyingine.