STENDI ZA TAA: FAIDA IMO KWENYE KITAKO

Biashara ya kukodisha taa za mapambo katika kumbi za Dar es Salaam imewavutia wengi wenye mitaji midogo. Hata hivyo, wengi wao hupiga hesabu nusu. Huhesabu bei ya taa Kariakoo, wakahesabu kodi ya usiku mmoja wa harusi au send-off, wakagawanya, wakaona faida. Wasichokihesabu ni kile kinachoishikilia taa isianguke. Stendi huachwa mwisho, ikanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Hapo ndipo mtaji unapovuja.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba taa moja imenunuliwa kwa shilingi 90,000 na hukodishwa kwa shilingi 6,000 kwa usiku. Itahitaji usiku 15 kurudisha fedha za mwenyewe. Kwa kuwa sherehe nyingi huwa Jumamosi, na hupungua wakati wa Ramadhani na Kwaresima, usiku 15 si muda mfupi. Taa hiyo ikianguka na kuvunjika usiku wa nane, itakuwa imeingiza shilingi 48,000, na shilingi 42,000 zimekwenda na maji. Kitako kipana kingeongeza gharama kidogo tu.

MBAO SASA INAWEZEKANA

Zamani taa za kumulika zilitumia glopu kubwa, hata za wati 500 au 1,000, na joto lake lilikuwa hatari karibu na mbao na vitambaa. Mambo yalibadilika baada ya kampuni ya Nichia ya Japani kutangaza, mwaka 1993, LED ya buluu yenye mwanga mkali iliyotengenezwa na Shuji Nakamura. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Buluu ilipoungana na nyekundu na kijani, taa moja ndogo ya wati chache iliweza kutoa karibu kila rangi, kwa joto dogo. Hivyo stendi ya mbao inatosha, mradi nyuma ya taa pabaki nafasi ya hewa na kitambaa kisiifunike.

VIPIMO NA GHARAMA

Mafundi wa Keko, wilayani Temeke, wanaijua kazi hii, lakini ni mwenye mali anayepaswa kuja na kipimo. Ubao wa mbili kwa mbili wenye futi 12 hutoa nguzo tatu za futi 4, kasoro unene wa msumeno. Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 18 hutoa vitako 18 vya inchi 16 kasoro kidogo. Kwa hiyo mbao sita na plaiwudi moja ni stendi 18, bila mabaki ya kutupa. Anayeagiza stendi tano leo na nne mwezi ujao, kila mara kwa kipimo tofauti, hununua plaiwudi mbili kwa kazi ya moja.

Chini ya kitako kifungwe kipande cha zege cha kilo 4 au 5. Kabla ya kupokea kazi, upande mmoja wa kitako uinuliwe inchi 3 kisha uachiwe. Stendi isiyorudi ikasimama yenyewe irudishwe kwa fundi, kwa sababu ukumbini kuna watoto wanaokimbia na wageni wanaocheza. Waya upite kando ya ukuta na ubandikwe sakafuni, usikatize njia ya watu.

Jambo la pili ni ukavu. Paina, kama ile itokayo Sao Hill, Mufindi, mara nyingi hufika ikiwa mbichi. Ikikauka husinyaa, viungo vikalegea, nguzo ikapinda. Mbao zipangwe kivulini kwa wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vipande vidogo ili hewa ipite. Kisha ziungwe kwa gundi na skrubu, si misumari mitupu. Fundi anayeharakishwa kwa ajili ya Jumamosi ijayo atatumia ubao uliopo, mbichi au mkavu.

Wapo wanaosema stendi za chuma zinazokunjwa ni bora. Kwa taa za kuwekwa juu sana hoja hiyo ni sahihi, na kwenye kirikuu hazijazi nafasi. Lakini kwa taa za chini, za kumulika ukuta, keki na meza ya maharusi, miguu mitatu iliyotanuka hukwaza wageni, na kifungio chake kikivunjika kipuri hutafutwa kwa shida. Ya mbao hutengenezwa siku hiyo hiyo, na mpambaji huipaka rangi inayolingana na kazi.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo ni huu: apunguze idadi ya taa za kuanzia, na fedha zitakazobaki aziweke kwenye mbao kavu na vitako vizito. Taa 14 zinazosimama zitamlipa kuliko 18 zinazoyumba. Rahisi ni ghali, na katika biashara hii ughali huo huonekana usiku mmoja tu, mbele ya wageni wote.